Nani Amlipie Mgonjwa wa Shamba?

Ziko katika Tanzania hospitali ambazo msafiri huzifikia baada ya kuiacha lami nyuma yake kwa saa nyingi, na ambazo humstaajabisha kwa ukubwa wake pindi anapozitupia jicho kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mahali alipotazamia kuona zahanati ya vyumba viwili huona wodi zilizofuatana, chumba cha upasuaji, maabara, chuo cha uuguzi, kanisa, karakana ya maseremala, bustani ya mboga na, kando kidogo, makaburi ya matabibu na masista waliokuja wangali vijana na wasirudi kwao tena. Ndanda ya Masasi, Peramiho ya Songea, Litembo ya Mbinga, Ifakara ya Kilombero, Nkinga ya Igunga, Mvumi ya Dodoma, Haydom ya Mbulu, na Muheza iliyo chini ya milima ya Usambara: haya ni majina ambayo mkulima huyataja kwa yakini ileile atajayo jina la mto au la gulio, maana huko ndiko alikozaliwa yeye, ndiko alikofia babake, na ndiko atakakokimbizwa mkewe usiku ikiwa uchungu utakaza. Aghalabu hospitali hizi ni mali ya makanisa, na kwa miaka mingi imekuwa ikikadiriwa kwamba takriban 40 kwa mia ya hospitali zote za nchi zimo mikononi mwa taasisi za dini, nyingi miongoni mwake zikiwa mashambani, katika sehemu ambazo kwa muda mrefu hapakuwa na mwingine aliyejenga.

Hospitali za namna hii zimetabiriwa kufa mara nyingi, na mara nyingi zimeponea chupuchupu. Nimezifuatilia habari zake kwa muda, nikazungumza na wanaoziendesha na wanaotibiwa humo, na rai yangu naiweka mbele mapema ili msomaji aipime kwa yatakayofuata: hospitali ya shamba haifi kwa kukosa wagonjwa, ambao hawakomi kamwe, hufa kwa kukosa wa kuwalipia wagonjwa hao. Kila hila iliyobuniwa ya kuinusuru, tangu sadaka ya ng'ambo hata utafiti wa kitaalamu, imefaa au imeshindwa kwa kadiri ilivyojibu swali hilo moja pasi na kumrudishia mzigo yule asiyeweza kuubeba.

Hapo kale mlipaji alikuwa mhisani. Pwani iliijua desturi hiyo mapema: Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyepata mali kwa kuiandalia misafara ya bara mahitaji yake, alitoa fedha mwishoni mwa karne ya 19 zijengwe wodi za wagonjwa wasio Wazungu katika Dar es Salaam, na hata leo jina lake limo kinywani mwa kila muuguzi wa Muhimbili aelekezaye jamaa za mgonjwa waende jengo la Sewa Haji. Bara, kazi hiyo ilifanywa na misheni. Wabenedikto walishika kusini, Walutheri wakashika kaskazini na nyanda za juu, Waanglikana wakashika Masasi, Muheza na Ugogo, na Wakapuchini wa Uswisi wakatua katika bonde la Kilombero. Miongoni mwa waliokuja alikuwamo Dakta Leader Stirling, mpasuaji wa Kiingereza aliyefika Lulindi, katika nchi ya Masasi, mwaka 1935, akafanya kazi huko na baadaye Mnero katika majengo duni na kwa vyombo haba, akachukua uraia wa nchi hii, na mwishowe akawa Waziri wa Afya tangu 1975 hata 1980. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huo wa jinsi hospitali ya shamba ilivyoweza kumlea mtu akaijua nchi nzima.

Katika hesabu za zama zile mna jambo moja ambalo wengi hulipita. Fedha za ng'ambo zilikuwa kidogo kuliko watu wanavyodhani; ruzuku kubwa ilikuwa kazi ya masista na mabruda, ambao walipasua, wakauguza, wakajenga na kuendesha jenereta kwa chakula na malazi tu, wala hawakudai mshahara, likizo wala malipo ya uzeeni. Mzigo wa mishahara haukuonekana daftarini kwa kuwa haukuandikwa. Watu hao walipozeeka, na vijana wa kushika nafasi zao walipoadimika katika nyumba za kitawa za Ulaya, ndipo kwa mara ya kwanza hospitali ilipotakiwa kumlipa kila mtu aliyemo, tangu daktari hata mfagizi, na ikajikuta inadaiwa gharama ambayo siku zote ilikuwapo lakini ililipwa na maisha ya watu.

Serikali huru nayo iliingia katika jambo hili tangu mwanzo. Nchi ilipojitawala mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, na hapakuwa na njia ya kuwafikia watu wa mashambani ghairi ya kushirikiana na misheni zilizokwisha kufika. Baada ya Azimio la Arusha matibabu yalitangazwa kuwa haki isiyouzwa, na sheria ya 1977 ikapiga marufuku utabibu wa binafsi wa kutafuta faida, walakini hospitali za dini ziliachwa ziendelee. Penye wilaya isiyo na hospitali ya serikali, ile ya kanisa ilifanywa Hospitali Teule ya Wilaya: jengo ni la askofu, lakini watumishi wengi wanalipwa na serikali, vitanda vinapewa ruzuku, na Mganga Mkuu wa Wilaya ana sauti katika uendeshaji. Mwaka 1992 mapatano kati ya Serikali na mabaraza mawili ya makanisa yakatiwa saini, na ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili isimamie upande wa makanisa. Naipenda busara ya mpango ule. Ulikiri mapema kwamba huduma inaweza kuwa ya umma hata ikiwa kuta si za umma.

Kabla ya hapo ulikuwa umekuja ukata wa miaka ya 1980, na mwaka 1993 wagonjwa wa hospitali za serikali wakaanza kuchangia gharama, jambo ambalo hospitali za misheni zilikuwa zikilifanya tangu zamani kwa viwango vyake. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu dirisha la malipo ndipo mahali ambapo mtu aweza kuona kwa macho yake jinsi hospitali inavyohangaika kati ya uhai wake na uhai wa mgonjwa.

Katika hospitali moja ya nyanda za juu za kusini mhasibu alinifungulia daftari la wadeni. Ni daftari kubwa la jalada gumu, lenye mistari iliyochorwa kwa rula na kalamu nyekundu: jina la mgonjwa, kijiji, jina la mwenyekiti wa kitongoji, ndugu aliyemdhamini, kilichodaiwa, kilicholipwa, kilichosalia. Katika safu ya mwisho, penye nafasi ya maelezo, mlikuwa na maneno machache machache yaliyoandikwa kwa mikono mbalimbali, na mengi yalihusu majira: baada ya kahawa, mahindi yakikauka, ameacha baiskeli, amefariki, deni lisamehewe. Nilipokuwa pale alifika mzee mmoja aliyekuja kumtoa mkewe wodini baada ya upasuaji. Mhasibu, msichana wa umri wa mjukuu wake, alimwamkia shikamoo kabla ya kusema neno jingine lolote, kisha akamsomea hesabu polepole, na mzee akafungua kitambaa, akahesabu noti juu ya ubao wa dirisha, zikatosha kama robo ya deni. Hapakuwa na ugomvi. Msichana alimwita babu, akamwambia aende kwa ustawi wa jamii akaandikiwe, na mzee akajibu kwamba kazi ya hospitali ameiona na mahindi yakikauka atarudi. Nilimwuliza mhasibu ni wangapi hurudi kweli. Aliniambia kwamba wengi hurudi, na hurudi na fedha kidogo kidogo hata miaka miwili, lakini hospitali hununua dawa kila mwezi, ilhali mkulima huvuna mara moja kwa mwaka.

Katika maneno hayo mna elimu yote ya uchumi wa hospitali ya shamba. Mapato yake hufuata mvua, na matumizi yake hufuata kalenda. Ndiyo maana hospitali nyingi zikabuni njia ambazo mgeni angezistaajabia: kupokea nafaka na kuitumia jikoni kwa chakula cha wagonjwa, kulima na kufuga, kuendesha karakana zinazouza milango na madawati, kupangisha vyumba kwa wageni. Baadhi zilijitengenezea wenyewe maji ya kutundikiwa wagonjwa, kwa kuwa chupa za kutoka mbali zilikuwa ghali na zilivunjika njiani. Tenwek, hospitali ya misheni iliyoko Bomet nchini Kenya, iliyageuza maporomoko ya mto Nyangores yaliyo jirani nayo kuwa chanzo cha umeme, ikapunguza adha ya kununua mafuta ya jenereta. Haya yote ni mema, na yanastahili kusifiwa. Lakini ng'ombe wa maziwa na seremala hawawezi kumlipa mpasuaji, na mtu asidanganyike akadhani kwamba bustani ya kabichi yaweza kusimama mahali pa hazina ya taifa.

Hospitali iliyonifundisha mengi zaidi juu ya jambo hili ni Haydom. Ilijengwa na misheni ya Kilutheri ya Norwei, ikafunguliwa mwaka 1955 juu ya uwanda wa Mbulu, katika nchi wanamokutana Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe, watu ambao lugha zao hazina asili moja hata kidogo, hivi kwamba wodi moja ya watoto yaweza kuwa na kinamama wanne wasioelewana ila kwa Kiswahili. Kwa miongo mingi msaada wa Norwei uliiwezesha kufanya jambo ambalo hospitali chache za shamba ziliweza kulifanya: kujifungua hakukuwa na malipo, na gari la hospitali lilimfuata mama kijijini bila ya kudai kitu. Katika mwongo wa 2010 msaada ulipopungua, uongozi ulilazimika kuweka ada ya kujifungulia na ada ya gari. Ada yenyewe, kwa macho ya mtu wa mjini, haikuwa kubwa. Watafiti waliolinganisha idadi ya wazazi kabla na baada ya ada hizo waliona kwamba kinamama waliokuja kujifungua walipungua.

Msomaji na alitafakari jambo hilo. Wale waliopungua hawakuacha kuzaa. Walizaa nyumbani, au njiani, au katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Hospitali ilikuwa imejaribu kujiponya, tena kwa nia safi kabisa, na dawa yenyewe ikawafukuza wale ambao hospitali ilijengwa kwa ajili yao. Simlaumu aliyeamua, nimeona mizania za hospitali za namna ile, na najua kwamba mkurugenzi asiyetoza kitu hufika mwezi ambao hana glavu. Nasema tu kwamba ada ya mgonjwa ndiyo njia iliyo karibu kuliko zote, na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu hasara yake haiandikwi katika daftari la hospitali.

Lakini Haydom hiyohiyo imeonyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 2010 hivi, wakunga wake walifundishwa jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga ambaye amezaliwa na hapumui, na watafiti wa Kitanzania na wa Kinorwei wakakaa pale kuandika kila uzazi. Waligundua kwanza jambo la kuvunja moyo, kwamba semina ya siku moja haibadilishi kitu: mkunga hufaulu mtihani, akarudi wodini akafanya kama alivyozoea. Wakabadili utaratibu. Mwanasesere wa mafunzo akawekwa palepale katika chumba cha kujifungulia, na mkunga akawa anafanya mazoezi mafupi mara kwa mara, dakika chache tu, kumlaza chali, kuweka kinyago sawasawa juu ya mdomo na pua, kubana mfuko wa hewa na kutazama kifua kikiinuka, mpaka mikono ikazoea kufanya hivyo katika ile dakika ya kwanza ambayo haingoji mtu akumbuke alichosoma. Vifo vya watoto vikashuka. Mpango huo ukapanuliwa, chini ya uongozi wa Haydom na kwa ushirikiano na Wizara ya Afya, hata ukafika vituo 30 vya mikoa mitano, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yakiwa yamekusanywa kutoka kwa kinamama takriban 300,000 na watoto wao, yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa kiasi cha 40 kwa mia. Hospitali ambayo wengine waliihesabu kuwa mzigo wa wafadhili ikawa mwalimu wa hospitali za serikali.

Muheza ilipita njia inayofanana na hiyo. Katika hospitali yake, ambayo wenyeji kwa mazoea waliiita Teule kana kwamba hapana nyingine, ilifanyika sehemu ya ule utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 3,000 wa Uganda, Kenya na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ambao ulithibitisha kwamba kumtundikia maji mengi kwa haraka mtoto mwenye homa kali aliyezidiwa, kama vitabu vya Ulaya vilivyoagiza, kulizidisha vifo badala ya kuvipunguza. Watoto wa Afrika nzima hutibiwa kwa hadhari zaidi leo kwa sababu wauguzi wa wodi kama ile ya Muheza waliandika usiku kucha hali ya kila mgonjwa. Utafiti huleta mishahara, maabara, umeme wa uhakika na madaktari vijana wenye hamu ya kukaa. Ifakara nako, kituo kidogo cha Waswisi kilichoanzishwa mwaka 1957 kando ya hospitali ya Mtakatifu Fransisko kimekua kikawa taasisi ya utafiti ijulikanayo duniani. Hata hivyo si kila hospitali yaweza kuwa Ifakara, na mradi wa utafiti una siku yake ya kwisha.

Kuhusu watumishi naweza kusema kwa ufupi, maana taabu yenyewe inajulikana. Serikali ilipoanza tena kuajiri kwa wingi katika mwongo wa 2000 na kupandisha mishahara, wauguzi na matabibu wa misheni walihamia serikalini, wakifuata malipo na pensheni, na hapana wa kuwalaumu. Hospitali zikajibu kwa vyuo: nyingi zina shule ya uuguzi au ya utabibu ndani ya ua wake, ambayo karo yake husaidia bajeti na ambayo wanafunzi wake ni mikono ya ziada wodini. Zikajibu pia kwa kuwategemea madaktari wasaidizi, wale waliopanda kutoka utabibu kwa masomo ya ziada, ambao kwa miaka mingi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa wazazi katika wilaya zetu. Mama aliyepasuliwa na daktari msaidizi katika usiku wa masika, barabara ikiwa imekatika, hakuwa na habari ya cheo cha aliyemwokoa. Naona haikuwa sawa kwamba kundi lile la mafundi wa kweli lilipunguziwa nafasi kabla madaktari kamili hawajakubali kwenda kukaa walikokaa wao.

Sasa nafika katika shinikizo lililo gumu kuliko yote kulisema, kwa sababu limetokana na jambo jema. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilitenga shilingi bilioni 1.5 kwa kila moja ya hospitali mpya 67 za wilaya. Nani angepinga? Wilaya ambazo hazikuwa na hospitali yoyote zilipata, na mama wa huko hana sababu ya kulia. Lakini palikuwa na wilaya ambazo Hospitali Teule ilikuwapo, yenye vitanda, vyombo na jina, na hospitali ya serikali ilipoinuka mkataba wa uteule ulikosa msingi. Watumishi wa kuazimwa wakaanza kurudishwa. Fungu la Mfuko wa Pamoja wa Afya likahama. Wodi ambayo iliuguzwa na watu wa serikali na kanisa pamoja ikabaki na nusu yao, ilhali wagonjwa, ambao hawasomi nyaraka za serikali, waliendelea kuja walikozoea.

Nimesikia hoja ya maofisa na sidharau uzito wake: Serikali haiwezi kuwa mpangaji katika nyumba ya mtu milele, na hospitali ya dini yaweza kuamua jambo ambalo sera ya nchi hailikubali. Lakini nauliza kama tulizihesabu barabara zile fedha. Jengo jipya linahitaji kila kitu ambacho jengo la zamani lilikuwa nacho, tangu mtambo wa eksirei hata mpasuaji mzoefu, na nchi isiyo na wapasuaji wa kutosha kwa hospitali moja haifai kuwagawa katika mbili zilizo umbali wa kilomita chache. Palipokuwa na maafikiano mazuri, hospitali kongwe ilipandishwa ikawa ya rufaa ya ngazi ya mkoa au ikaachiwa matibabu ya kibingwa, macho, mifupa, watoto njiti, na ile mpya ikachukua magonjwa ya kila siku. Huko ndiko kujirekebisha ninakokuamini: kila moja ifanye ambalo jirani yake hawezi. Palipokuwa na ubishi, zote mbili zimekonda.

Mwezi wa Januari 2025 likaja pigo jingine kutoka mbali. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Kwa zaidi ya miaka 20 fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi zilikuwa zimejenga ndani ya hospitali za shamba kliniki za tiba na matunzo, na kuajiri kwa mikataba ya miradi wauguzi, washauri nasaha, waweka kumbukumbu na wasafirishaji wa sampuli. Wengi wa watu hao waliambiwa wasije kazini kesho yake. Katika kliniki hizo kazi ya mshauri ni kujua ni nani hakuja kuchukua dawa mwezi huu na kumfuata kijijini kwake, na kazi ya namna hiyo hapana mashine iwezayo kuirithi. Hospitali zilizokuwa zimewaingiza watumishi wa miradi katika utaratibu wake wa kawaida zilitikisika zikasimama. Zile zilizoiacha kliniki iwe kama kisiwa chenye fedha zake zilijikuta na chumba kilichofungwa na foleni nje yake. Mhisani wa leo, tofauti na sista wa zamani, aweza kuondoka kwa barua ya usiku mmoja.

Basi mlipaji atakuwa nani? Jibu ambalo nchi yetu imelichagua ni bima. Tulianza Igunga mwaka 1996 kwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ambapo kaya ilitoa mchango wake mara moja kwa mwaka, ikiwezekana baada ya mavuno, na Serikali ikaongeza kiasi hichohicho kwa utaratibu watu walioupa jina la tele kwa tele. Mfuko ule ulifahamu majira ya mkulima, na kwa hilo peke yake unastahili heshima. Baadaye ukaboreshwa, kaya ya watu sita ikalipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, maana ndiyo jaribio la kwanza kubwa la kujibu swali la mlipaji bila ya kumngoja mfadhili wala kumkaba mgonjwa dirishani.

Walakini bima isiyolipa kwa wakati ni ada iliyofichwa. Kenya ilipobadilisha mfuko wake wa zamani wa bima na kuanzisha mamlaka mpya mnamo Oktoba 2024, hospitali za makanisa na hospitali ndogo za mashambani zilibaki zikidai mabilioni ya shilingi ambayo mfuko wa zamani uliyaacha bila kulipwa, na baadhi zikalazimika kuwataka wanachama watoe fedha taslimu, yaani zikawarudisha watu kulekule kwenye dirisha. Hospitali ya mjini yaweza kukopa benki ikasubiri. Hospitali ya shamba haina dhamana ambayo benki inaitaka, na duka la dawa halikopeshi mara ya tatu. Tofauti kati ya dai linalolipwa baada ya mwezi na dai linalolipwa baada ya miezi minane ni tofauti kati ya kuwapo na kutokuwapo kwa damu salama, uzi wa kushonea na oksijeni.

Jambo la pili ni wale wasioweza kuchangia chochote. Sera yetu imesema kwa miaka mingi kwamba mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee asiyejiweza wasitozwe. Hospitali za misheni zimeutii msamaha huo mara nyingi, na mara nyingi hazikurudishiwa gharama, hivi kwamba ahadi iliyotolewa na taifa zima imelipwa na hospitali moja moja kutoka katika akiba zake. Sheria ya 2023 imekusudia kuwalipia wasio na uwezo kutoka katika vyanzo maalumu, zikiwamo tozo za vinywaji na vipodozi. Utekelezaji wake uwe, basi, wa namna ambayo hospitali yenye mkataba, iwe ya Serikali au ya kanisa au ya Waislamu, italipwa kwa kila msamehewa kiasi kilekile na kwa muda uleule. Orodha ya wasio na uwezo ifanywe kijijini mbele ya watu kabla ya mtu kuugua, ili mzee asiandikwe fukara akiwa tayari amefungua kitambaa. Na dai la mama aliyejifungulia Litembo lisikae mezani siku hata moja zaidi ya dai la mtumishi wa Serikali aliyelazwa Dar es Salaam.